Meno, Mdomo na Kinywa: Uhakiki wa Istilahi

Tunakusudia kuzipima istilahi za mafunzo ya ubingwa wanayosomea madaktari wa meno baada ya shahada ya kwanza.

Matawi mawili aghalabu huchanganywa. La kwanza huchunguza vipande vya nyama ya mwili kwa hadubini ili kutambua maradhi; jina lake, patholojia ya kinywa, halina tatizo. La pili hutibu maradhi ya ulimi, ufizi na tezi za mate, zaidi kwa dawa kuliko kwa kisu. Hili mfasiri huvutwa kuliita “dawa ya kinywa” au “tiba ya mdomo”. Hatuafiki. La kwanza humfikirisha msomaji dawa ya kusukutua. La pili linasahau kwamba mdomo huonekana kwa nje, hali kinywa ni uwazi wa ndani. Tunapendekeza tiba ya maradhi ya kinywa.

Suala hili si la maneno matupu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa Uganda, alieleza saratani ya taya za watoto, ambayo huweza kuanza kwa meno kulegea. Mzazi wa Bariadi, mkoani Simiyu, akiambiwa kuna daktari wa meno tu, atadhani ni jino la kung'olewa; na mwenye kidonda cha ulimi hatakwenda kabisa.

Serikalini “afya ya kinywa na meno” imekwisha zoeleka. Basi daktari naye aitwe hivyo: daktari wa kinywa na meno.