Mcheza Kwao Hutunzwa

Kila mwaka ukikaribia kwisha, vikundi vya michezo ya kuigiza huko vijijini hukaa barazani kuchagua michezo ya mwaka ujao. Mmoja huleta kitabu alichokisoma shuleni. Mwingine huleta sifa za mchezo wa nyimbo ulioonyeshwa mjini. Wa tatu hutaka kichekesho, maana kichekesho huleta watu, na watu huleta fedha. Mwisho wake orodha huandikwa na kubandikwa mlangoni, nao watu wa kijiji huisoma kama wasomavyo tangazo la kodi: wamepashwa habari, hawakuulizwa shauri.

Sisi twaona ya kuwa udhaifu wa michezo mingi huanzia hapo. Watu husema wachezaji hawakujifunza vema, au nguo hazikufaa, au fedha zilipungua. Yote hayo yaweza kuwa kweli. Lakini mchezo uliochaguliwa pasipo wale watakaoutazama huwa mgeni katika kijiji hata kama umeandikwa kwa lugha yao. Ili tusiseme maneno matupu, twataka kuyapima haya kwa mfano wa kweli, nao ni michezo miwili ya kijiji cha Kamirithu, huko Limuru, katika nchi ya Kenya. Wa kwanza ulionyeshwa mwaka 1977. Wa pili, ambao ni mchezo wa nyimbo, ulitayarishwa kwa mwaka 1982. Una mambo ya kuigwa mfano huu, na una upungufu ambao haufai kufichwa.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi orodha ya michezo ilivyopangwa mjini Nairobi siku zile. Jumba la Kenya National Theatre lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule ilipotangazwa hali ya hatari. Nchi ikapata uhuru mwaka 1963, walakini jukwaa lile likakaa miaka mingi likiandaa zaidi michezo ya Ulaya na Marekani. Mwezi wa Oktoba 1976 michezo miwili ya Wakenya ilitaka nafasi humo: The Trial of Dedan Kimathi, wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City, wa Francis Imbuga. Ilipewa siku chache tu, ikabanwa na wachezaji ngoma wa Kifaransa na mchezo wa nyimbo wa Kimarekani uitwao A Funny Thing Happened on the Way to the Forum. Hatusemi mchezo huo wa Kimarekani ni mbaya. Ni kichekesho cha watu stadi, nacho chaeleza habari za watumwa na mabwana zao katika Roma ya kale. Lakini ikiwa jumba laitwa la taifa, na wana wa taifa wahesabiwa siku zao kama wapangaji, basi kila mtu ajue ya kuwa mwenye orodha ndiye mwenye jumba.

Sasa tutazame Kamirithu. Kijiji hiki kilianza katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilipowaondoa watu makwao kwa nguvu na kuwakusanya mahali pamoja. Wengi wa wenyeji wake walikuwa vibarua wa mashamba, watu wa kiwandani, na wakulima wenye vipande vidogo vya ardhi. Mwaka 1976 waliiamsha tena nyumba yao ya maendeleo, wakaanza darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Watu wale walipokwisha kujua kusoma, walitaka kitu cha kusoma na cha kutenda. Ndipo Ngugi wa Thiong'o, ambaye alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenyeji wa Limuru, pamoja na Ngugi wa Mirii, wakaandika kwa Kikuyu mchezo uitwao Ngaahika Ndeenda, maana yake, Nitaolewa Nikipenda. Kimani Gecau akawa msimamizi wa wachezaji.

Maandiko yale hayakuletwa kijijini kama amri. Yalisomwa mbele ya watu, na watu wakayasahihisha. Wazee waliwaonya waandishi ya kuwa mzee wa Kikuyu hasemi hivi, wala msichana hamjibu babaye namna ile. Mtu aliyepata kutengeneza bunduki za kienyeji wakati wa vita aliwaonyesha wachezaji jinsi kazi ile ilivyofanywa. Wimbo wa arusi wa kale, ambao ndani ya mchezo ni kama baraza nzima ya kuulizana na kujibizana, ulitolewa neno kwa neno na mwanamke wa kijiji asiyejua kusoma. Mazoezi yalifanywa peupe mchana wa Jumamosi na Jumapili, ili kazi za watu zisiharibike, na kila apitaye aliweza kusimama, kutazama, na kusema lake. Hata jukwaa walilijenga wenyewe. Vijana walipanga njiti za kiberiti wapate mfano wake, kisha wakajenga mahali pa wazi penye nafasi ya watu 2,000 hivi.

Mchezo ulifunguliwa Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kutoka mbali, wengine wakikodi mabasi. Baada ya majuma sita, tarehe 16 Novemba, serikali ikaiondoa ruhusa ya kuuonyesha. Mwisho wa mwaka ule Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini pasipo kushtakiwa mpaka Desemba 1978.

Je, mchezo wenyewe ni mwema? Hapa ndipo kazi yetu ilipo, kwa maana mateso ya mwandishi hayaufanyi mchezo kuwa mzuri. Habari yake ni hii. Kigunda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu, na hati ya shamba lake imetundikwa ukutani. Tajiri wake, Ahab Kioi, pamoja na mkewe Jezebel, wamwendea na kumshawishi afunge ndoa ya kanisa na mkewe Wangeci, ambaye amekaa naye miaka mingi kwa ndoa ya kimila. Kigunda na Wangeci wadhani kwamba mwana wa tajiri ataka kumwoa binti yao Gathoni, kwa hiyo wakubali. Arusi ya namna ile yahitaji fedha. Fedha zapatikana kwa mkopo, na shamba lawekwa rehani. Binti apata mimba na kukataliwa, baba apoteza kazi, na shamba laishia mikononi mwa Kioi, ambaye tangu mwanzo yeye na wenzake walilitaka wajenge kiwanda cha dawa ya wadudu.

Msomaji wa Biblia hahitaji kufasiriwa majina yale. Ahabu, Yezebeli, na shamba la jirani: ni habari ya Nabothi katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa ishirini na moja. Hii ndiyo nguvu ya mchezo huu. Umechukua habari ambayo kila mtu aliisikia kanisani, ukaiweka katika nyumba ya kibarua wa Limuru, na hati ya ekari moja na nusu ikawa shamba la mizabibu. Wako waliosema kwamba mchezo huu wautukana Ukristo. Sisi twajibu kwamba Eliya naye alimwambia Ahabu maneno makali, wala hatusemi kwamba Eliya aliitukana dini. Mtu awalazimishaye maskini kukopa ili wafanye arusi ya fahari, huku akilitazama shamba lao, hana haki ya kujificha nyuma ya kitabu cha nyimbo.

Walakini upungufu upo. Katika mchezo huu kila mtu wa kanisa ni mnafiki au ni mjinga, na kila mtajiri ni fisi. Kigunda ana mwili na damu. Twamwona akijivuna, akiogopa, akibembelezwa na mkewe, akikosea. Kioi hana ila ulafi. Nasi tulioishi kati ya Wakristo wa vijijini twajua ya kuwa wako pia walioinuka kumtetea mjane aliyenyang'anywa shamba. Laiti mmoja wao angaliingia katika nyumba ya Kigunda, pambano lingalikuwa kali zaidi, maana mtazamaji angalilazimika kuuliza moyoni mwake yeye mwenyewe ni Mkristo wa namna gani.

Sababu ya upungufu huo, kwa maoni yetu, yaonekana katika njia ile ile iliyoleta wema wa mchezo. Kibarua alisahihisha maneno ya kibarua. Fundi wa bunduki alisahihisha habari ya bunduki. Mwanamke mwenye kuujua wimbo wa arusi aliutoa wimbo wenyewe. Sehemu hizo zote ni imara kama nyumba iliyojengwa kwa miti ya msitu wa karibu. Lakini mzee wa kanisa mwenye moyo safi hakupata nafasi ya kuingia katika maandiko na kusema, Sisi hatuko hivyo sote. Basi njia ya Kamirithu haikuwa na kosa kwa kuwauliza watu. Ilipungukiwa pale ilipouliza upande mmoja kuliko mwingine.

Mchezo wa pili ni Maitu Njugira, maana yake, Mama, Niimbie. Huu ni mchezo wa nyimbo na ngoma, habari zake ni za miaka ya 1930, siku za kipande na amri kali juu ya wafanya kazi. Nyimbo zake zilitoka katika makabila mbalimbali ya Kenya, si Wakikuyu peke yao. Na hapa twaona jambo ambalo vikundi vyetu hulisahau. Wengi huingiza nyimbo katika mchezo kama watiavyo maua mezani, ili papendeze. Hapa nyimbo ndizo zilizobeba habari yenyewe, na mtu asiyejua lugha ya wimbo huu aliweza kuifuata kwa mwendo wa miguu na sauti ya huzuni au ya furaha. Kikundi kitakachotaka kuweka mchezo wa nyimbo katika orodha yake, na kiuondoe wimbo mmoja mmoja katika mawazo, kikauliza: Je, habari yaweza kwenda bila huu? Ikiwa yaweza, wimbo huo ni wa sherehe, si wa mchezo.

Mchezo huu ulikusudiwa kufunguliwa katika Kenya National Theatre tarehe 19 Februari 1982. Wachezaji walipofika walikuta milango imefungwa. Wakaenda kufanya mazoezi yao katika Chuo Kikuu, na watu wakajaa kuyatazama siku baada ya siku, hata huko nako wakazuiwa. Tarehe 11 Machi serikali ikakipiga marufuku chama cha Kamirithu, na kesho yake askari wenye silaha wakalibomoa jukwaa lile walilolijenga wanakijiji kwa mikono yao. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau wakakimbilia Zimbabwe, na Ngugi wa Thiong'o akaishi ugenini miaka mingi, akafariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Kwa hiyo mchezo wa pili hatuwezi kuupima kama wa kwanza, kwa kuwa ulizuiwa kabla haujafunguliwa, na mchezo usiofunguliwa ni kama mbegu iliyozuiliwa mkononi.

Mwezi wa Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ulirudi jukwaani mjini Nairobi, ukachezwa kwa Kiingereza na kwa Kikuyu. Tulifurahi kusikia, maana neno lililonyamazishwa limesemwa tena. Hata hivyo mjini mchezo huu ni kazi nzuri ya waandishi mashuhuri. Kule Kamirithu ulikuwa pia kazi ya watu wenyewe, nao waliweza kuuhukumu kwa kuwa waliujenga.

Basi, ninyi mnaokaa sasa kuchagua michezo ya mwaka ujao, twawashauri hivi. Vitabu vipo. Iko Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969; iko Hatia ya Penina Muhando, ya mwaka 1972; iko Mabepari wa Venisi, ambayo Julius Nyerere aliifasiri kutoka kwa Shakespeare. Hatukatazi hata mmoja, wala hatusemi ya mbali ni mibaya kwa kuwa ni ya mbali. Lakini kabla ya kuandika jina la mchezo katika orodha, usomeni kwa sauti mbele ya watu, siku ambayo hawana kazi shambani. Waulizeni wenye shamba na wasio na shamba, wazee wa kanisa na wale wasioingia kanisani, wanawake wajuao nyimbo za kale na vijana wajuao za sasa. Andikeni wanayosema, hasa yale yanayowachoma. Mchezo utakaotoka katika baraza hiyo ukiwa mzima, huo utieni katika orodha.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini tuzo la Kamirithu halikuwa fedha wala makofi. Lilikuwa hili, kwamba kibarua alimsikia kibarua akisema kwelikweli jukwaani, akajua kwamba na yeye ana neno. Kijiji chochote kinaweza kupata tuzo hilo, na bei yake ni kuwauliza watu wake kabla ya kuwaonyesha.