Kuvusha Dawa Ngozini: Ncha Ndiyo Huamua
Mwendesha toleka (teksi ya baiskeli) wa Kisangani akipaka dawa kwenye goti linalomuuma, sehemu kubwa ya dawa hiyo hubaki juu ya ngozi. Inazuiwa na tabaka la nje lenye unene wa takriban maikromita 10 hadi 20 tu. Kinezitherapia (tiba ya viungo) ina njia mbili za kulivuka bila sindano: umeme na mawimbi ya sauti.

Njia ya umeme ilithibitishwa na Mfaransa Stéphane Leduc mwanzoni mwa karne ya 20. Aliunganisha sungura wawili katika mkondo mmoja, wa kwanza akiwa na strikinini kwenye ncha chanya, wa pili sayanidi kwenye ncha hasi. Umeme ulipopita, mmoja alikufa kwa degedege, mwingine kwa sayanidi. Alipogeuza ncha kwa sungura wengine, hawakudhurika. Sumu ni zilezile; kilichobadilika ni mwelekeo wa mkondo. Dawa yenye chaji husukumwa na ncha ya chaji kama yake.

Kwa hiyo lidokaini huwekwa kwenye ncha chanya, na deksamethasoni fosfati kwenye ncha hasi. Ukikosea ncha, unairudisha dawa nyuma. Kipimo ni miliampia mara dakika, na kinachotumika sana ni 40: miliampia 4 kwa dakika 10, au 2 kwa dakika 20. Ngozi ikiwasha, punguza mkondo na uongeze muda, kwani chini ya ncha hasi huzalishwa alikali inayoweza kuunguza.

Hidrokotisoni ya kawaida haina chaji, hivyo umeme hauisukumi ipasavyo. Mwaka 1954 Fellinger na Schmid waliipitisha kwa mawimbi ya sauti kutibu baridi yabisi ya mikono. Hapa kikwazo ni krimu yenyewe: ile nzito huzuia mawimbi, na mgonjwa hukosa dawa na sauti pia. Inatakiwa jeli inayopitisha sauti. Hata hivyo, tafiti kadhaa hazikuona tofauti kati ya sauti yenye dawa na sauti tupu; umeme una msingi imara zaidi.

Kisangani, ambako umeme wa mtambo wa Tshopo hukatika, kifaa cha betri kinafaa: miliampia chache zinatosha, na mkondo haukatiki ghafla ukamshtua mgonjwa. Kliniki inayotaka kununua mashine ianze kwa kumfundisha mtaalamu wake chaji ya kila dawa, kwa sababu mashine haiwezi kumwambia kwamba amekosea ncha.