Nani Anasema Rudi?

Mwisho wa 2023 nilifika JKIA na tiketi ya kwenda Johannesburg. Ya kwenda tu. Mpango wangu ulikuwa rahisi, ama mimi niliuona rahisi: niende kwa ndege, nikae wiki mbili, halafu nirudi Nairobi polepole kwa nchi kavu. Basi hadi Harare, basi tena hadi Lusaka, treni ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar, na kutoka Dar basi la kuja nyumbani. Tangu Januari mwaka huo Mkenya alikuwa hahitaji viza kuingia Afrika Kusini, siku 90 kwa mwaka, kwa hivyo nilitembea hadi kaunta kifua mbele.

Jamaa wa kaunta alichukua pasipoti, akaangalia skrini. "Dada, tiketi ya kurudi iko wapi?"

"Sina. Narudi kwa barabara."

"Barabara gani?"

"Hii tu ya kawaida, kaka. Kwa basi."

"Haya, nionyeshe tiketi ya basi."

"Hiyo si unakata ukifika steji?"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nitarudi kwa ungo. Hakuwa mkorofi. Alinieleza kwa upole kwamba nikikataliwa kule, shirika lao ndilo litanibeba kunirudisha, na linaweza kutozwa faini juu yake. Sheria iliyo kwenye skrini inataka tiketi ya kurudi au ya kuendelea mbele. "Mashine haijui basi," akasema. Nikatoka kwa laini, nikakalia begi langu sakafuni, nikanunua kwa simu tiketi ya kurudi, ile aina ya bei ghali ambayo unaweza kuifuta ukarudishiwa pesa. Nilijua sitaipanda. Nikamwonyesha. "Sasa uko sawa," akaniambia, na begi likaondoka.

Niliifuta siku ya pili Johannesburg. Na nilirudi Nairobi kwa barabara na reli, vile vile nilivyosema.

Nimeliwaza jambo hili kama msomaji wa riwaya kuliko kama msafiri, kwa sababu kile nilichoandika pale sakafuni kilikuwa hadithi. Ina mhusika, ina tarehe, ina mwisho mwema: mhusika anaondoka, anafurahi, anarudi kwao bila kusumbua mtu. Ni hadithi fupi tunayoagizwa kuiandika tangu ukiwa kwenye foleni ya ubalozi, pamoja na viambatanisho vyake: barua ya mwajiri, stetimenti ya benki, hati ya shamba la babako, picha ya harusi kama unayo. Nairobi hii, mtu wa saiba atakuchapishia safari nzima ya ndege ambayo haijalipiwa hata shilingi. Tunacheka, lakini tunaandika.

Wanaosoma hadithi yenyewe nao ni wasomaji wagumu. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1952, kile kifungu cha 214(b) ambacho kila aliyenyimwa viza anakijua kama nambari ya nyumba yao, inamchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia hadi athibitishe kinyume. Fomu ya kukataliwa ya Schengen ina kisanduku maalumu cha kusema kwamba kuna shaka kama utaondoka muda ukiisha. Unalipa yuro 90 tangu Juni 2024, na shaka ikishinda hurudishiwi kitu. Unaombwa uthibitishe jambo ambalo bado halijatokea. Hata mwandishi stadi hapo atatokwa jasho.

Sasa, malalamiko yangu kwa sisi tunaohakiki riwaya za Waafrika walio ng'ambo ni kwamba tumezoea kuzisoma kuanzia upande wa kufika. Baridi, lafudhi, nywele, upweke, chakula kisicho na chumvi. Sawa, hayo yamo. Lakini ukizisoma kwa kufuata tiketi ya kurudi, zinapangika upya kabisa, na baadhi ya zile tunazozisifu zinapungua kimo.

Anza na Our Sister Killjoy ya Ama Ata Aidoo, 1977. Sissie anatoka Ghana kwenda Ujerumani kwa safari iliyolipiwa, anapitia London, anarudi. Hakuna afisa anayemhangaisha kuhusu kurudi. Anayehangaika na kurudi ni yeye mwenyewe. Anawagombeza Waafrika wenzake waliosoma wakamaliza na bado wamebaki na visingizio vyao, na kitabu kinaishia angani, yumo ndani ya ndege ya kwenda kwao na barua ambayo ameamua kutoituma. Mwaka ule, neno "rudi" lilisemwa na mama, na kijiji, na taifa changa lililohitaji madaktari. Kutorudi kulikuwa usaliti wa watu wako. Nikikisoma leo, ukali wa Sissie unaniudhi kidogo, kusema kweli. Lakini ninamwonea wivu pia, kwa sababu neno lilikuwa bado la kwetu.

Miaka 36 baadaye, 2013, zinatoka riwaya mbili mwaka mmoja, na neno limeshabadilisha mwenyewe.

Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya Ifemelu na blogu yake. Mimi siku hizi naisoma kwa ajili ya Obinze. Anaingia Uingereza kwa viza ya miezi sita kwa sababu mamake, profesa, ameandika kwamba kijana wake ni msaidizi wake wa utafiti katika mkutano wa London. Mama mnyoofu, mwenye misimamo, anadanganya kwenye karatasi. Adichie hapigi kelele juu ya hilo, na kwangu mimi hapo ndipo penye uhodari mkubwa kuliko ukurasa wowote wa blogu: fomu imefaulu kumfanya mama huyo atunge hadithi. Miezi sita inaisha, Obinze anabaki, anafanya kazi kwa jina la mtu mwingine, anakamatwa siku ya harusi ya kupanga. Wakili anamuuliza kama atapinga, anasema hapana, yuko tayari kwenda kwao. Wakili anaandika kwamba mteja amekubali kuondolewa. Obinze anabaki akilitafuna lile neno, kwamba anaondolewa kama kitu. Yaani mtu amesema narudi, karatasi imeandika anaondolewa.

Shida yangu ni mwisho. Ifemelu anarudi Lagos, na riwaya inataka tuuone uamuzi huo kama wa moyo: amechoka, amekumbuka nyumbani, amefunga blogu. Ndiyo, ni wa moyo. Lakini mkobani ana pasipoti ya Marekani, na mwandishi mwenyewe anatuambia kwamba hiyo ndiyo inayomkinga asikose chaguo. Anaweza kuondoka tena kesho. Kwa hiyo anayerudi kwa hiari katika kitabu hicho ni yule ambaye hakuna mtu anaweza kumrudisha. Adichie ameliona jambo hili, ameliandika, kisha akaliacha akaenda kwenye mapenzi. Ningependa angekaa nalo kurasa ishirini zaidi.

NoViolet Bulawayo alikaa nalo. Katika We Need New Names, Darling anatoka Zimbabwe kwenda kwa mamake mdogo Michigan kwa viza ya kutembea tu. Inaisha muda. Kuanzia hapo hawezi kwenda kusalimia kwao, kwa sababu akitoka hataruhusiwa kuingia tena. Kuna sura ambayo sauti inageuka kuwa ya umati, sisi sote tuliobaki, na wazazi wanakufa nyumbani na hakuna anayekwenda kuzika. Sijui kama kuna uhakiki mkali zaidi wa sheria za kuingia nchi za watu kuliko sura hiyo. Serikali inadai uthibitishe kwamba utarudi, kisha inaweka masharti ambayo yanamfanya mtu aogope kurudi. Kama mlango ungekuwa unafunguka pande zote mbili, Darling angekwenda matangani na kurudi kazini Jumatatu. Mlango mgumu umemfungia ndani. Na Chipo, rafiki yake wa utotoni, anapompigia makelele kwa simu kwamba ameiacha nchi, huyo ni Sissie amezaliwa upya. Ana haki na amekosea, yote kwa pamoja.

Hapa Kiswahili kina lake la kusema. Kurudi ni kuja ulikotoka, lakini pia tunasema kumrudi mtoto, yaani kumwadhibu ili ashike adabu. Sikuwahi kuzisikia maana hizo mbili zikikaa karibu hivyo hadi niliposikia "rudi" ikitoka kwenye dirisha la kioo.

Kitabu kilichokuwa begini siku ile ya JKIA kilikuwa By the Sea cha Abdulrazak Gurnah, cha 2001, na kwangu ndicho kinachowapita wenzake. Saleh Omar, mzee wa Zanzibar, anafika Gatwick akiwa na pasipoti ya jina la mtu mwingine na kikasha cha udi. Hana tiketi ya kurudi wala hadithi ya kurudi. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, basi anasema maneno mawili tu ya kuomba hifadhi kisha ananyamaza, huku sisi wasomaji tukijua kwamba anaelewa kila neno. Afisa, Kevin Edelman, anapekua mzigo na kuhubiri. Anamwambia mzee kwamba wazazi wake yeye mwenyewe walikuja kama wakimbizi kutoka Romania, lakini wao, unajua, ni wa familia hii ya Ulaya. Kisha anaunusa ule udi, anaupenda, na anabaki nao.

Gurnah hamfanyi Edelman jitu. Amemfanya mtu wa kaunta, mpole karibu kama yule wangu. Na hamfanyi Saleh Omar malaika aliyeonewa, maana jina aliloingia nalo amelichukua kutoka kwa familia aliyowahi kuikosea, na riwaya nzima ni deni hilo likimfuata hadi Uingereza. Hilo ndilo waandishi wengi wa safari hawalithubutu: kukubali kwamba msafiri anadanganya, kwamba ana sababu zake na makosa yake, na bado hastahili kuporwa kikasha. Ukisoma makala zetu nyingi kuhusu viza, msafiri ni mwema kila mara. Inachosha, na inampa Edelman ushindi, kwa sababu inakubali sharti lake kwamba ni mwema tu ndiye wa kuingia.

Tusijifanye pia kwamba kaunta ziko kwa wazungu peke yao. Desemba 2023 Kenya ilitangaza kwamba itafuta viza kwa ulimwengu mzima kuanzia Januari 2024, halafu ikaleta kibali cha mtandaoni cha dola 30 kilichomtaka mgeni aonyeshe safari yake ya ndege na mahali pa kulala. Mwafrika aliyekuwa akiingia bure akajikuta analipa. Baadaye, 2025, masharti yalilegezwa kwa nchi nyingi za Afrika, lakini kuna riwaya ambayo mtu wa Lusaka au Accra anapaswa kutuandikia kuhusu miezi ile, na sisi ndio tutakuwa Edelman ndani yake. Nitaisoma.

Hicho cha Gurnah nilikimalizia ndani ya treni, upande wa Tanzania. Siku iliyoandikwa kwenye ile tiketi yangu niliyoifuta, siku ambayo kwa mujibu wa karatasi nilikuwa natua JKIA jioni, nilikuwa karibu na Mbeya nikila mahindi ya kuchoma niliyonunua dirishani. Mama akapiga simu.

"Unarudi lini?"

"Kesho kutwa ama siku ya pili yake, mama. Nikipata basi Dar."

"Haya," akasema. "Basi hiyo githeri nitaianza Ijumaa."