Nukta Nundu kwa Jicho Linaloona

Katika mtihani wa darasa la saba, Baraza la Mitihani la Tanzania humpa mtahiniwa asiyeona karatasi ya nukta nundu, na mwenye uoni hafifu karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa. Wote huongezewa dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Ndani ya utaratibu huo mna somo zima la ualimu: upofu na uoni hafifu ni hali mbili, na kila moja ina chombo chake. Tofauti inayoheshimiwa kwa siku 2 za mtihani yapasa iheshimiwe kwa miaka 7 ya darasani, na hapa Ufipa, mkoani Rukwa, jambo hili lina uzito wa pekee.

Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, ambayo Rukwa nayo iliyaonja, yalifanya watoto wengi wapelekwe kwenye shule zenye bweni na vitengo vya wasioona: Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi, na Malangali hapa Sumbawanga. Kilichowafikisha huko kilikuwa usalama wao, na uamuzi huo uliokoa maisha. Lakini hifadhi si kipimo cha macho. Kwa mwenye ualbino, sehemu ya kati ya retina haikukomaa, mboni huchezacheza na mwanga mkali humuumiza. Hata hivyo wengi wao husoma herufi za wino wakizisogeza karibu. Nukta 6 za Louis Braille, zenye michanganyiko 63, ziliundwa kwa ajili ya vidole. Mtoto anayeona kidogo akipewa nukta hizo, mara nyingi huzisoma kwa macho, akifuatilia vivuli vya vinundu vyeupe juu ya karatasi nyeupe. Hapo jicho huchoka, na vidole havijifunzi kitu.

Njia iliyo sahihi inaanza na umbali. Kitabu kikitolewa sentimita 40 na kuletwa sentimita 10, taswira ya herufi ndani ya jicho hukua mara 4, bila kununua kifaa chochote. Kwa hiyo mtoto anayegusisha pua na daftari asikemewe. Haharibu macho, anayatumia. Anayeinamisha kichwa upande aachwe, kwa kuwa amepata pembe ambapo mboni hutulia. Akae mbele, dirisha likiwa mgongoni, na mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Sumbawanga iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake hudanganya: hewa ni ya kupoa lakini miale ya jua inaunguza ngozi ya mwenye ualbino. Kofia pana na mikono mirefu ni vifaa vya kujifunzia sawa na kalamu.

Wapo watakaosema ni salama zaidi kumfundisha kila mtoto nukta nundu, asije akapofuka. Hofu hiyo inamhusu yule ambaye daktari amethibitisha kwamba macho yake yanafifia, na huyo afundishwe mapema. Ualbino wenyewe kwa kawaida haumpeleki mtu kwenye upofu. Wengine watataja madarasa yaliyofurika na uchache wa walimu wa elimu maalumu. Uhaba huo ni wa kweli, nao ndio unaotutaka tuache kupoteza saa za mwalimu wa nukta nundu kwa mtoto asiyezihitaji, ilhali asiyeona kabisa anamsubiri. Na anayedhani kumwongezea muda ni upendeleo, ajibiwe na mtihani wenyewe: muda huongezwa, maswali hubaki yale yale.

Basi kila mtoto anayepokelewa katika kitengo apimwe macho kwanza, matokeo yaandikwe kwenye jalada lake, na kila mwalimu anayeingia darasani mwake ayasome. Mwalimu akishajua mtoto anaona nini, ndipo achague chombo cha kumfundishia.