Anayejua cha Kufuta

Kwenye mialo yetu ya Ziwa Victoria, mama mwenye chanja haaniki dagaa wa leo juu ya mabaki ya jana. Anayakusanya, anafagia, ndipo anawamwaga wapya. Nilimkumbuka nilipokaa Kirumba kumtazama fundi wa programu akihamisha mfumo wa zahanati kutoka Java 8 ya mwaka 2014 kwenda Java 17 ya 2021. Java ni lugha ya programu iliyobeba mifumo mingi ya afya kwetu, ikiwemo OpenMRS iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006.

Faili la .java hukompailiwa likawa .class, na Maven, chombo cha kujenga programu, huyaweka mafaili yote ya .class kwenye folda iitwayo target. Kabla ya kugusa mstari wowote, fundi alifungua .class moja akanionyesha baiti nane za mwanzo: CA FE BA BE 00 00 00 34.

"Hiyo 34 ni 52 kwa hesabu yetu ya kawaida," aliniambia. "Alama ya Java 8. Ya 17 ni 3D, yaani 61."

Java 8 ikikutana na 61 inakataa papo hapo. Java 17 ikikutana na 52 inapokea kimya, na ukimya huo ndio hatari. Chukua msimbo unaotegemea kifurushi cha javax.xml.bind, kilichoondolewa kwenye Java 11. Ukikompaili upya, kosa unaliona mezani kwako. Ukiacha .class la zamani, mfumo unawaka vizuri, hadi siku mgonjwa yuko dirishani na karani anabonyeza kitufe cha ripoti.

Kwa hiyo fundi hakuharakisha. Alipitia target folda kwa folda, akakuta faili la mipangilio ambalo mtu alilihariri humo kwa mkono. Akalirudisha kwenye src/main/resources, mahali pake. Matokeo ya Java 8 akayahifadhi kando, ili njia ya kurudi iwepo. Ndipo akaandika mvn clean, amri ya kufuta target, kisha akakompaili upya kwa Java 17.

Makosa yalijitokeza, akayasoma moja moja bila kukunja uso, akarekebisha. Jioni alifungua .class lile lile: 3D. Mimi ningefunga kompyuta hapo. Yeye alifuta target nzima tena, akajenga upya kuanzia mwanzo, akasubiri. Mfumo ukafanya kazi kama awali. Hapo tu ndipo alipoagiza chai.