Mkono Unaosia

Rayones, jimbo la Nuevo León kaskazini mashariki mwa Meksiko, kuna magenge yaliyosimama wima, ambako mvua ikinyesha maji huteremka bila kutua. Katika nyufa za magenge hayo ndimo inamoota Aztekium ritteri, kakati ndogo ya kijani kilichofifia, iliyojaa mikunjo, ambayo hata ikizeeka sana haizidi upana wa vidole vitatu. Mjerumani Friedrich Ritter aliikuta huko mwaka 1928, nayo ikapewa jina lake. Mbegu yake ni vumbi tupu. Ukiimwaga juu ya karatasi kisha ukapiga chafya, imekwenda. Ikiota, mche wake ni nukta ya kijani, na baada ya miaka miwili bado unapimwa kwa milimita. Wapo watu wanaoisia mbegu hiyo kwa hiari yao, wakijua kwamba ua la kwanza liko mbali, miaka mingi mbele. Hao ndio ninaotaka kuwasifu.

Kakati ni ukoo wa zaidi ya spishi 1,400, na karibu zote asili yake ni Amerika, kuanzia Kanada hadi Patagonia. Kwetu Afrika Mashariki tuna mnyaa na jamaa zake wenye utomvu mweupe, ambao wengi huwadhania kakati, lakini huo ni ukoo mwingine. Mpungate uliosambaa Laikipia na kuwatesa wafugaji uliletwa na watu. Kakati inayoota Afrika bila kuletwa na binadamu ni moja tu, Rhipsalis baccifera, ambayo hainyooshi mwili juu wala haina miiba ya kutisha. Inaning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu, na matunda yake madogo meupe huliwa na ndege. Naitaja kwa sababu inaonyesha mapema kwamba si kila kakati ni ya jangwani. Kila moja ina kwao, na fundi mzuri huuliza mmea umetoka wapi kabla hajaushika.

Chukua Ariocarpus, ambayo wakusanyaji huilia ngoa kuliko karibu nyingine yoyote. Kwao ni Meksiko, na spishi moja huvuka hadi Texas. Ikikomaa haina miiba. Imelala usawa wa ardhi, ina rangi ya mawe yanayoizunguka, na chini yake umejificha mzizi mnene kama kiazi, ghala la maji ya miezi ya kiangazi. Karibu mwaka mzima mtu anaweza kuikanyaga asijue. Kisha, kuanzia Septemba hivi, sufu iliyo katikati hufunguka na ua hutoka, la waridi, jeupe au la manjano kufuatana na spishi, pana kiasi cha kuufunika mmea wenyewe.

Kuisia Ariocarpus ni kazi ya mikono safi. Udongo wake karibu wote ni changarawe: mawe mepesi ya volkano, mchanga wa mto uliochekechwa, mboji kidogo sana. Wengi huupitisha kwanza kwenye mvuke ili kuua kuvu. Mbegu humwagwa juu bila kufukiwa, maana inataka mwanga. Chungu hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ukafungwa, ukawekwa penye joto la nyuzi 25 hadi 30, pasipopigwa na jua kali. Humo miche hukaa miezi kadhaa katika unyevu usiokatika. Anayeyasikia haya mara ya kwanza hushangaa kwamba mmea wa ukame unalelewa majini. Lakini mche wa kakati haujapata mwili wa kuwekea akiba. Porini hupona ule ulioangukia chini ya kichaka au ubavuni mwa jiwe, penye kivuli na unyevu uliosalia. Mingine yote hukauka. Ule mfuko unashika nafasi ya kichaka.

Ugumu uko siku ya kuufungua. Ukifunguliwa ghafla, miche husinyaa kwa jua la mchana mmoja. Ukichelewa, mwani huitambalia na kuvu huimaliza. Hakuna kitabu kinachoweza kuitaja siku hiyo, kwa kuwa inategemea joto la nyumba yako, dirisha lako, hata maji unayotumia. Fundi huijua kwa kutazama. Hutoboa tundu moja, akasubiri, akatoboa la pili, huku akichungulia miche kila asubuhi, kama imejaa au imelegea, kama wekundu unaoipaka ni wa afya au wa kuungua. Ujuzi huu hauwezi kuandikiwa mtu. Hupatikana kwa macho, polepole, na naamini ndiyo sababu mafundi wa kakati huongea kidogo na kuonyesha zaidi.

Baada ya hapo kazi inageuka kuwa kujizuia. Kakati hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku hewa ikiwa imepoa, mchana huvifunga ili isipoteze maji. Maisha yake yote yamepangwa kwa taratibu. Mikononi mwa watu wanaopenda, nyingi hufa kwa kumwagiliwa kupita kiasi, chache kwa kiu. Fundi humwagilia, huacha udongo ukauke mpaka chini, halafu husubiri tena. Katika kusubiri huko hukagua mizizi, wanakojificha vidung'ata, na hutafuta utitiri mwekundu kwenye ncha changa.

Iko njia ya mkato, nayo ni kubebesha, kama wakulima wetu wanavyobebesha maembe na parachichi. Mche wa wiki chache hukatwa kwa wembe na kuwekwa juu ya shina la Pereskiopsis, kakati yenye majani na mbio za kukua, lililokatwa dakika ile ile. Ndani ya kila shina kuna pete ya mishipa. Pete mbili zikikutana, hata kwa sehemu, mche hushika. Ndivyo ilivyookoka ile miche myekundu ya Gymnocalycium ambayo Mjapani Eiji Watanabe aliibaini mwaka 1941. Haikuwa na klorofili, peke yake ingekufa njaa. Alipoibebesha, vizazi vyake vikaenea maduka ya dunia nzima. Hizo sizipendi. Kakati iliyobebeshwa hunenepa haraka na kupoteza sura iliyochongwa na dhiki, na mkusanyaji anayejali huichukulia kama hatua, si mwisho. Lakini naiheshimu njia hii kwa kazi mbili kubwa: kuuokoa mmea uliooza mizizi, na kupata maua na mbegu mapema.

Mammillaria luethyi inathibitisha hilo. Mwaka 1952 mwanabotania Norman Boke aliiona ikiwa imepandwa ndani ya kopo la kahawa, akaipiga picha, kisha ikapotea. Kwa zaidi ya miaka arobaini wapenda kakati waliijua kwa picha tu. Mwaka 1996 Jonas Lüthy aliipata tena porini, katika jimbo la Coahuila, nayo ikapewa jina lake. Mmea wa namna hiyo, mdogo na wenye eneo finyu, ungeweza kung'olewa wote mara tu habari zilipoenea. Badala yake watu walibebesha, wakachavusha kwa brashi, wakasia, na leo mtu wa kawaida anaweza kumiliki wake bila hata jiwe moja kuguswa huko Coahuila.

Si kila kakati iliyopata bahati hiyo. Kwenye pwani ya jangwa la Atacama nchini Chile huishi Copiapoa, zenye nta ya kijivu inayozikinga na jua, zikitegemea ukungu wa baharini mahali ambapo mvua ni tukio. Mwaka 2020 polisi wa Italia walivamia nyumba moja huko Senigallia na kukuta kakati zipatazo 1,000 zilizong'olewa Chile, nyingi zikiwa Copiapoa. Mwaka uliofuata 844 zilirudishwa kwao. Mwaka 2024 shirika la uhifadhi IUCN lilitangaza kwamba asilimia 82 ya spishi za Copiapoa zimo hatarini kutoweka. Mwaka 2013 zilikuwa asilimia 55.

Wanunuzi wa mimea hiyo wanataka umri. Wanataka makovu, miiba iliyovunjika, kijivu kilichotengenezwa na upepo wa miongo mingi, na wako tayari kuulipia uzee ambao hawakuulea. Hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Makovu ya Copiapoa ni historia ya mlima fulani wa Chile. Ukiihamishia sebuleni umebaki na mmea mgonjwa tu, kwani mimea mikubwa iliyong'olewa mara nyingi hushindwa kuotesha mizizi upya. Aliyesia Copiapoa yake ana mmea wenye umbo safi, ambao kila pingili ya ukuaji wake anaweza kuisimulia.

Nisiusifu usiaji kupita haki yake. Echinocactus grusonii, ile duara kubwa yenye miiba ya dhahabu inayopamba bustani za hoteli nyingi, imezalishwa kwa mbegu duniani pasipo idadi. Porini ni adimu. Sehemu ya makao yake kwenye bonde la mto Moctezuma ilifunikwa na maji ya bwawa la Zimapán katika miaka ya 1990, na wingi wa bustanini haukulizuia bwawa. Usiaji unapunguza njaa ya soko, haulindi bonde. Kulinda bonde ni kazi ya sheria na ya watu wanaoishi hapo, na tangu 1975 mkataba wa CITES umekuwa ukibana biashara ya mipakani ya mimea kama hii, huku Ariocarpus zote na Aztekium ritteri zikiwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali kuliko vyote.

Na kwa kuwa bonde linaweza kupotea, jambo la mwisho ninalolisifu katika ufundi huu ni lebo. Mkusanyaji makini huchomeka kando ya kila mmea kibao chenye jina, mwaka wa kusiwa, na namba ya shambani: herufi za aliyekusanya mbegu ya asili na nambari yake, kama FR za Ritter, zinazoelekeza mpaka kwenye mlima ilikotoka. Kibao kikipotea, mmea unabaki pambo. Kikitunzwa, chungu cha dirishani kinaweza siku moja kumjibu mwanasayansi swali kuhusu kilima ambacho hakina tena kakati.

Ukitaka kuanza, usianze na Aztekium. Tafuta mbegu za Astrophytum myriostigma, ambazo ni kubwa, hushikika kwa vidole, na huota ndani ya siku chache. Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji mbegu imetoka kwa mmea gani na nani aliyeulea. Akikuonyesha badala yake kakati kubwa yenye makovu na mizizi iliyokatwa, na hana karatasi, usiinunue, hata akiipunguza bei.