Stesheni ya Linlithgow

Linlithgow, mji mdogo wa Uskoti ulio kati ya Edinburgh na Glasgow, ni mji wa malazi, yaani mji ambao wakazi wake wengi huondoka alfajiri kwenda kazini kwingine na kurejea jioni. Na stesheni yake, iliyofunguliwa mwaka 1842 pamoja na reli iliyounganisha majiji hayo mawili, inastahili pongezi kwa kuwa jengo lake la mawe la enzi hizo lingali likitumika. Reli ilipofika, iliukuta kusini Mfereji wa Union, njia ya maji iliyochimbwa kwa ajili ya mashua na kufunguliwa mwaka 1822, nayo haikukawia kuunyang'anya abiria. Kaskazini yapo magofu ya kasri alimozaliwa Malkia Mary wa Waskoti mwaka 1542. Abiria wa asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, husimama katikati ya historia yote hiyo, ingawa pengine kinachomshughulisha ni saa tu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 hupita hapo treni za umeme, zinazopata nguvu kutoka nyaya zilizotandazwa juu ya njia, na safari ya Edinburgh huchukua takriban dakika 20.